Malalamiko: divinilibenzini ya asilimia 55 ndani ya mapipa ya asilimia 80

Kwa Meneja wa Ubora,

YAH: MAPIPA MANNE YASIYOLINGANA NA LEBO, NA KIJIKARATASI CHA MAELEZO CHENYE HATARI

Lebo za mapipa manne mliyotuletea zinasema divinilibenzini (kimiminika kinachofunga minyororo ya plastiki pamoja) asilimia 80. Kila pipa tumelipima mara tatu kwa kromatografia ya gesi (kipimo kinachotenganisha mchanganyiko na kuonyesha kiasi cha kila kilichomo), na kila mara tumepata asilimia 55. Karibu yote iliyobaki ni etilivinilibenzini. Daraja la 55 ni bidhaa halali na wengi wanaitumia vizuri. Kosa ni kuiuza kwa jina la nyingine.

Idara yenu ya mauzo ilitujibu kwamba tofauti hiyo haina uzito, kwa kuwa vyote viwili huingia kwenye polima, yaani mnyororo mrefu wa molekuli ndogo zilizoungana. Kuingia vinaingia, lakini kazi si moja. Etilivinilibenzini ina kundi moja tu la vinili, yaani mkono wa kuungana: inajiunga na mnyororo, basi. Divinilibenzini inayo mawili. Moja hushika mnyororo huu, la pili hushika wa jirani, na hapo hufungwa fundo. Tangu kazi za mkemia Mjerumani Staudinger za miaka ya 1930 inajulikana kuwa mafundo machache sana yanatosha kuigeuza polistirini inayoyeyuka iwe polima inayovimba tu. Anayenunua divinilibenzini ananunua mafundo.

Tazameni hesabu yenyewe. Resini ya kubadilishana ioni (chembe za plastiki za kusafishia maji) iliyokusudiwa ina divinilibenzini asilimia 8. Kwa gramu 1000 za monoma (molekuli ndogo zinazojenga polima), lebo ya 80 inamwambia fundi apime gramu 100 na kuzijazia stirini gramu 900. Kwa mali iliyomo kweli, gramu 100 hizo zina divinilibenzini gramu 55, yaani asilimia 5.5. Upolimishaji hauonyeshi dalili yoyote: peroksidi ya benzoili gramu 10, maji yenye alkoholi ya polivinili, nyuzi 80, na chembe zinatoka mviringo safi. Kasoro hujitokeza baada ya chembe kutiwa salfoni, yaani vikundi vya asidi vinavyoshika ioni. Resini ya 8 hubeba maji karibu nusu ya uzito wake. Hii ilibeba asilimia 60. Ukiweka chembe moja iliyolowa kati ya vioo viwili na kubonyeza kwa ncha ya kidole, ya 8 inakataa na kubingirika, hii inalala bapa. Ndani ya bomba refu lililojazwa chembe zinalaliana hivyohivyo, mianya inaziba na maji hayapiti.

Mlishauri tuongeze kipimo. Kwa resini ya 8 inawezekana: gramu 145.5 badala ya 100, mradi mtu ajue kilichomo kabla ya kupima. Kwa resini yenye vinyweleo vikubwa inayohitaji divinilibenzini asilimia 60 ya monoma zote, ushauri huo haufai kitu. Hata ukiacha stirini kabisa, daraja la 55 haliwezi kuvuka 55.

La pili ni kizuizi, yaani kemikali inayozuia monoma isijigeuze polima ghalani. Cheti chenu cha uchambuzi hakitaji kiasi cha kizuizi hicho, tetibutilikatekoli, na mapipa yalikuja yamejazwa naitrojeni juu. Kipimo cha oksijeni kilisoma sifuri. Bila shaka aliyefanya hivyo alidhani anaikinga mali. Kizuizi hiki hufanya kazi kwa kushirikiana na oksijeni iliyoyeyuka ndani ya monoma. Ukiiondoa hewa, hata sehemu 1000 kwa milioni zinakaa bure, hasa pipa likipata joto njiani. Tulitia matone ya sampuli kwenye methanoli: mapipa matatu yalibaki maangavu, la nne likageuka jeupe kama maziwa. Polima imeshaanza humo. Kwenye mdomo wa pipa hilo kuna uvimbe mweupe mgumu wenye umbo la koliflawa, usioyeyuka katika tolueni. Uvimbe wa namna hiyo huendelea kukua na unaweza kupasua bomba. Tumelitenga.

La tatu ndilo linalotutia hofu zaidi. Kijikaratasi chenu kinaelekeza kuondoa kizuizi "kwa kukeneka", bila neno lolote kuhusu shinikizo. Divinilibenzini huchemka karibu na nyuzi 195. Kabla ya kufika huko itakuwa inajipolimisha kwa kasi na kutoa joto lake yenyewe, na chupa inaweza kupasuka usoni mwa mtu. Njia salama ni nyepesi: osha mara tatu kwa myeyusho wa hidroksidi ya sodiamu wa asilimia 10, kila mara theluthi ya ujazo wa monoma, mpaka tabaka la alkali liache kugeuka kahawia, suuza kwa maji hadi yasiwe na alkali, kausha kwa salfeti ya sodiamu isiyo na maji, tumia siku hiyohiyo. Anayelazimika kukeneka afanye chini ya ombwe tu.

Tunadai mambo haya ndani ya siku 14: mapipa manne ya asilimia 80 kweli, yenye hewa juu yake na si naitrojeni tupu, cheti kinachotaja divinilibenzini, etilivinilibenzini, kizuizi na polima kila kimoja kwa namba yake, na gharama ya kuteketeza pipa la nne. Kijikaratasi kisisubiri siku hizo. Kiondoeni leo, na kila mteja aliyepewa bechi hii aarifiwe kabla hajawasha jiko.

Wenu,
Maabara ya Resini