Msimsahau Yuri Vlasov

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niongeze neno kuhusu makala yenu ya historia ya kutunisha misuli, ambayo ilimsifu Arnold Schwarzenegger tangu aya ya kwanza hadi ya mwisho kana kwamba alijizua mwenyewe. Yeye mwenyewe hasemi hivyo. Amesimulia kwamba mwaka 1961, akiwa na miaka 14, alikwenda Vienna kutazama mashindano ya dunia ya kunyanyua vitu vizito, akaingizwa nyuma ya jukwaa na kupeana mkono na mnyanyuaji Mrusi, Yuri Vlasov, na kwamba aliporudi nyumbani alibandika picha ya Mrusi huyo juu ya kitanda chake. Baba yake, ambaye alikuwa amepigana na Warusi vitani, alimtaka aibandue atafute shujaa wa Kijerumani au wa Austria, naye akakataa.

Mwaka mmoja kabla ya hapo, katika Olimpiki ya Roma, Vlasov alikuwa amenyanyua jumla ya kilo 537.5, miwani yake ikiwa usoni kama ya mwalimu wa hesabu. Tokyo mwaka 1964 aliikosa dhahabu kwa kilo 2.5 tu, baada ya mwenzake wa timu, Leonid Zhabotinsky, kujaribu kilo 217.5 na kuuachia mzigo mapema kama mtu aliyekata tamaa, kisha akarudi kwa jaribio la mwisho na kuuinua wote hadi juu. Wengi huusifu ujanja ule wa kujifanya ameshindwa. Mimi unanikera hadi leo.

Mtaniambia kwamba kunyanyua vitu vizito ni mchezo mwingine. Ni kweli, na katika Urusi ya Kisovieti tofauti hiyo ilikuwa kubwa mno, kwa kuwa wanyanyuaji walivishwa nishani ilhali watunisha misuli walijifungia kwenye vyumba vya chini ya majengo, hasa baada ya wakuu wa michezo kuulaani mchezo wao mwaka 1973. Mlango ulipofunguliwa mwaka 1987 na shirikisho la watunisha misuli likaruhusiwa, aliyekubali kuliongoza ni Vlasov huyuhuyu, bingwa wa Olimpiki na mwandishi wa vitabu, ambaye miaka minne tu nyuma alikuwa amefanyiwa upasuaji wa uti wa mgongo. Sidhani kama kuna jina jingine ambalo lingewapa heshima ya haraka namna hiyo vijana wale waliozoea kufukuzwa.

Schwarzenegger alipokwenda Moscow kucheza filamu, wawili hao walikutana tena, na Vlasov akampa kikombe cha buluu cha kahawa. Vlasov alifariki Februari 2021 akiwa na miaka 85. Mwaka uliofuata Schwarzenegger alikionyesha kikombe hicho katika video aliyowaelekeza Warusi, akasema kwamba tangu siku aliyopewa hukinywea kahawa kila asubuhi. Makala yenu ijayo ingempa aliyekitoa kikombe hicho walau aya moja.

Msomaji wenu,
Tanga