Mwalimu aliyelaaniwa kwa sababu ya alfabeti

Ndugu Mhariri,

Makala yenu ya wiki iliyopita kuhusu uhuru wa Albania niliisoma kwa furaha, maana si kila siku gazeti la Kiswahili linaipa nchi ile ukurasa mzima. Mmemtaja Ismail Qemali, aliyetangaza uhuru huo, na bendera iliyopandishwa katika mji wa Vlorë, mkataja mabalozi na wanasiasa, ila mwalimu hamkumtaja hata mmoja. Kwa nchi nyingine ningenyamaza. Kwa Albania hapana, kwa sababu kabla ya bendera kulikuwa na ugomvi wa miaka mingi juu ya lugha ambayo mtoto wa Kialbania asomeshwe, na mzigo wa ugomvi huo waliubeba walimu wa vijijini. Naomba nafasi nimzungumzie mmoja wao, Petro Nini Luarasi, ambaye alikuwa pia mwandishi wa magazeti.

Alizaliwa miaka ya 1860 katika kijiji cha Luaras, sehemu za Kolonjë, kwenye milima ya kusini mashariki mwa nchi. Alisoma katika kijiji cha Qestorat kwa mwalimu Koto Hoxhi, aliyekuwa akifundisha Kigiriki kama ilivyotakiwa, huku kwa siri akiwapa wanafunzi herufi za Kialbania. Hoxhi aliishia gerezani na akafia humo. Kwa hiyo Luarasi hakuingia kazi ile akiwa hajui malipo yake.

Makala yenu ilisema kwamba Waturuki ndio waliokipiga marufuku Kialbania. Hiyo ni nusu ya habari. Dola ya Uthmaniya, yaani dola ya Waturuki iliyoitawala Albania, iliwahesabu raia wake kwa dini. Mwalbania Mwislamu aliwekwa kundi moja na Waturuki, shule yake ikawa ya Kituruki. Mwalbania Mwothodoksi aliwekwa kundi moja na Wagiriki, shule yake ikawa ya Kigiriki na chini ya kanisa. Hata ruhusa ya shule ya Kialbania ilipopatikana katika mji wa Korçë, ikafunguliwa tarehe 7 Machi 1887 katika nyumba aliyoitoa Diamanti Terpo, ilikuwa kwa watoto wa Kikristo. Waislamu walikatazwa kuingia. Mkuu wake wa kwanza alikuwa Pandeli Sotiri. Luarasi naye alifundisha pale na kwa muda akaiongoza.

Lakini mimi navutiwa zaidi na alichofanya nje ya mji. Alizunguka vijiji vya Kolonjë akifungua shule, moja ikifungwa anahamia kwingine na kuanza upya. Sisi tuliofundisha vijijini tunajua kwamba darasa jipya halianzi na chaki, linaanza na kuwabembeleza wazazi. Sasa fikirini kuwabembeleza wazazi ambao wameshaonywa kanisani kwamba mwalimu huyu ni mpotoshaji.

Na hilo si kutia chumvi. Mwaka 1892 Philaretos, askofu mkuu wa Kastoria, alitoa waraka wa kumtenga Luarasi na kanisa. Ndani ya waraka huo alidai kwamba lugha ya Kialbania haipo. Nimewahi kusoma hoja dhaifu nyingi, ila hii ina nafasi yake ya pekee: mtu analaaniwa kwa kufundisha kitu ambacho mlaani mwenyewe anasema hakipo! Hata hivyo haikuwa mzaha. Katika kijiji cha Waothodoksi cha wakati ule, aliyetengwa na kanisa alikuwa matatani arusini, msibani, na hata kwa jirani yake.

Isidhaniwe kwamba ugomvi ulikuwa wa imani. Luarasi alikuwa mtoto wa Kiothodoksi, na wako makasisi waliosimama upande wa lugha. Papa Kristo Negovani aliendesha ibada kwa Kialbania katika kijiji chake cha Negovan, akauawa Februari 1905. Kilichogombewa ni nani awe na shule, maana mwenye shule ndiye aliyeamua watoto wakue wakijiita nani.

Miaka michache baada ya 1900 Luarasi alivuka bahari kwenda Marekani, walikokuwa wamejazana vijana wa Korçë na Kolonjë wakifanya kazi viwandani. Ndicho kipindi ambacho Sotir Peci, mwalimu mwingine, alianzisha gazeti la Kombi mjini Boston, mwaka 1906. Magazeti ya Kialbania ya enzi hizo yalichapwa nje, Boston, Sofia, Bucharest, kwa sababu nyumbani hayakuruhusiwa. Mwalimu aliyefungiwa darasa alishika kalamu, akaendelea kufundisha kwa njia hiyo.

Mapinduzi ya Vijana wa Kituruki ya mwaka 1908, yaliyomlazimisha Sultani kurudisha katiba, yalifungua mlango kidogo. Luarasi alirudi, na Novemba mwaka huo alikuwa miongoni mwa wajumbe wa Kongamano la Manastir, lililokutana kuchagua alfabeti ya Kialbania katika mji ambao leo unaitwa Bitola. Kamati ya alfabeti ilikuwa na watu 11: Waislamu 4, Waothodoksi 4 na Wakatoliki 3. Hawakuafikiana juu ya alfabeti moja, wakapitisha mbili, ile ya Istanbul iliyochanganya herufi za Kilatini na herufi nyingine, na ya pili yenye herufi za Kilatini tupu. Hii ya pili ndiyo iliyodumu. Msomaji wa Kiswahili akiitazama hatajihisi mgeni sana: ina dh, th na sh za herufi mbili mbili, kama tunavyoandika dhahabu, thamani na shule.

Baada ya kongamano mtu wa umri wake na jina lake angeweza kutafuta cheo mjini. Yeye alikwenda kufundisha Negovan, kijiji kilekile alikouawa yule kasisi. Mwaka 1910 serikali ya Vijana wa Kituruki ikageuka, ikaanza tena kuzifunga shule na magazeti. Mwaka 1911 kikachapwa Manastir kitabu chake, Mallkimi i shkronjavet shqipe dhe çpërfolja e shqiptarit, yaani kulaaniwa kwa herufi za Kialbania na kusingiziwa kwa Mwalbania. Karibu miaka 20 ilikuwa imepita tangu waraka wa Kastoria, na bado alikuwa anaujibu. Agosti mwaka uleule alifariki mjini Ersekë, na tangu wakati huo inasimuliwa kwamba alitiliwa sumu. Uhuru ulitangazwa miezi 15 baadaye. Mwanawe Skënder, aliyekuwa na miaka 11 baba alipokufa, alikuja kuwa mwandishi na msomi anayeheshimika.

Ndugu Mhariri, tarehe 28 Novemba 1912, siku ya uhuru, mmeiandika katika makala ile kwa herufi nzito, na ni haki yake. Mtakaporudi kwenye habari za Albania, naomba muiweke pia 7 Machi 1887, siku ilipofunguliwa shule ya Korçë. Waalbania wenyewe wameifanya kuwa Siku ya Mwalimu, na watoto wao bado hupeleka maua shuleni siku hiyo.

Mwalimu mstaafu,
Morogoro