Ngozi umepandikiza vizuri, mbona bima haijalipa?

Juzi jioni dada mmoja mteja wetu alinipigia akiwa kwenye gari, ametoka kuona mgonjwa nyumbani, na sauti yake tu ilinionyesha amechoka. Yeye ni nesi praktishona (nesi aliyesoma zaidi, anaruhusiwa kutibu mwenyewe), ana kliniki ya vidonda ya kuzunguka majumbani, na madai ya mzee mmoja wa kisukari yamerudi mara ya pili, sasa Medicare (bima ya serikali ya Marekani, zaidi kwa wazee) wanataka chati yote. Nikamwambia asubiri nifungue, tukaangalia pamoja. Kazi yenyewe ilikuwa safi kabisa, kidonda cha kisigino kinaonekana kwenye picha kinajaa nyama nyekundu. Lakini siku aliyoweka ile ngozi mbadala (kipande cha kununua kwenye pakiti, siyo ngozi ya mgonjwa mwenyewe) hakuandika kipimo, kilichokuwepo ni cha wiki iliyotangulia, sentimita 3 kwa 3, na bili ikaenda na sentimita za mraba 16 kwa sababu pakiti ilikuwa 4 kwa 4. Yaani pakiti ndiyo ilipimwa, kidonda hakikupimwa. Hapo ndipo pesa nyingi za watu wetu zinapotelea ndio maana nimeamua niandike yote mahali pamoja.

Kwa wageni, sisi ni ofisi ndogo hapa Dallas, tunaandaa na kutuma madai ya bima kwa kliniki ndogo, wengi ni manesi kutoka Kenya na Tanzania waliosoma zaidi wakafungua zao, na madaktari wa miguu wachache.

Jambo la kwanza na ningependa ulishike kuliko mengine yote: kinachohesabiwa ni ukubwa wa kidonda kilichofunikwa, siku hiyo hiyo, kikishasafishwa. Hata thieta ni hivyo. Daktari anaweza kuchuna ngozi pajani kwa mashine, akaipitisha kwenye mashine ya kutoboa matundu ili inyooke ifunike eneo kubwa, lakini namba ya huduma unayoandika kwenye bili inafuata eneo lililopokea, siyo lile lililotoa. Kwa hiyo rula ya karatasi iwe mfukoni, urefu, upana, kina, kabla na baada ya kusafisha, piga picha rula ikiwa inaonekana. Na pakiti nayo iandikiwe mstari wake: umefungua sentimita ngapi, umetumia ngapi, umetupa ngapi na kwa nini, pamoja na namba ya seria iliyoko kwenye stika. Bandika ile stika kwenye chati, usiitupe na boksi.

Sasa kujumlisha. Hapa watu wazuri kabisa wanakosea kwa sababu inaonekana rahisi. Kwa ngozi mbadala kuna mafungu mawili ya mwili. Kiwiliwili, mikono na miguu (mguu hapa ni paja mpaka kifundo) ni fungu la 15271, halafu uso, kichwa, shingo, masikio, viganja na nyayo (pande zote mbili), vidole na sehemu za siri ni fungu la 15275. Vidonda vilivyo fungu moja unajumlisha kwanza ndio unaandika namba, huandiki kila kidonda peke yake. Tuseme mama ana kidonda mbele ya muundi 6 kwa 4, hiyo ni 24, na kingine nyuma kwenye shavu la mguu huo huo 5 kwa 3, hiyo 15, jumla 39. Sentimita 25 za kwanza ni 15271 mara moja, zile 14 zilizobaki ni 15272 mara moja kwa sababu kila 25 za ziada au sehemu yake inahesabiwa. Kama pia ana kidonda chini ya unyayo 4 kwa 3, hicho ni 15275 na kinabeba modifaya 59 (tarakimu mbili za nyongeza mwisho wa namba) kuonyesha ni mahali pengine kabisa. Nimeona mtu ameandika 15271 mara mbili kwa ile miguu, ya pili ikakataliwa kama marudio, akaacha hivyo hivyo akidhani bima wamemwonea, na kumbe 15272 ilikuwa haki yake. Jumla ikifika sentimita 100 na kuendelea, unahamia 15273 na 15274, au 15277 na 15278 kwa lile fungu lingine.

Ngozi ya mgonjwa mwenyewe ina namba zake. Ile nyembamba ni 15100 kwa sentimita 100 za kwanza kwenye kiwiliwili, mikono na miguu, na 15101 kwa kila 100 za ziada, kwa hiyo aliyeungua paja eneo la 230 anapata 15100 moja na 15101 mbili. Uso, viganja na nyayo ni 15120 na 15121. Mtoto chini ya miaka 10 anapimwa kwa asilimia moja ya mwili badala ya sentimita. Ile ya unene wote inahesabiwa kwa kila sentimita za mraba 20, na namba inategemea ni pua, shavu, mkono au mgongo. Kuchuna ngozi na kufunga kawaida pale ilipotoka viko ndani ya bei, usivitoze tena. Kukata nyama iliyokufa mpaka upate sehemu hai ya kupokea ngozi kunaweza kuwa na 15002 au 15004, lakini lazima noti ieleze umekata nini na mpaka wapi, kusema tu "kidonda kimesafishwa" hakutoshi na usiweke na 11042 (namba ya kawaida ya kukata nyama iliyokufa) kwa kidonda hicho hicho.

Kingine ni siku 90. Ukishafanya 15100 au 15120, kuja kuangalia na kubadilisha bandeji kwa siku 90 kumeshalipwa ndani ya upasuaji. Kama awamu ya pili ilipangwa tangu mwanzo, iandike kwenye noti ya kwanza halafu utumie modifaya 58, akirudi thieta kwa sababu ngozi imekataa kushika au imepata maambukizi ni 78, ugonjwa mwingine usiohusiana ni 79. Ngozi mbadala haina hizo 90, ina sifuri.

Ugonjwa nao uandikwe kwa mpangilio. Kidonda cha kisukari aina ya pili unaanza na msimbo wa kisukari, E11.621, ndipo ule wa kidonda, L97, unafuata, na ile L97 inataka upande na kina. Kisigino cha kulia mafuta yakionekana ni L97.412. Tulishapata chati ambayo noti inasema kulia, picha ni kushoto, na bili imefuata noti. Mgonjwa ni yule yule, kazi imefanyika, na pesa zikakaa miezi. Halafu bima nyingi wanataka waone angalau wiki nne za tiba ya kawaida kabla ya ngozi mbadala, sukari inavyodhibitiwa, kiatu cha kupunguza uzito au bandeji ya kubana, vipimo vya kila wiki, na kwamba kidonda hakijapungua vya kutosha. Hizo wiki nne haziandikwi siku madai yamekataliwa, ziandikwe zinapopita.

Na kuna hili la mwaka huu ambalo limewashtua wengi. Kuanzia Januari 1, 2026 Medicare wanalipa ngozi mbadala karibu zote bei moja, kama dola 127 kwa sentimita ya mraba, badala ya kila bidhaa na bei yake, isipokuwa chache zilizosajiliwa kama dawa za kibayolojia. Sababu yao iko wazi, matumizi ya Part B (sehemu ya Medicare inayolipia huduma za kliniki na madaktari) kwa bidhaa hizi yalitoka dola milioni 252 mwaka 2019 yakapita bilioni 10 mwaka 2024. Mimi naona ni sawa, na nasema hivi nikijua kuna wateja wangu limewauma. Mgonjwa asiye na bima ya nyongeza analipa asilimia 20. Sentimita 20 kwa 127 ni dola 2,540, fungu lake ni 508, na hapo ni ziara moja tu. Huyo ni bibi wa miaka 80 anayeishi kwa pensheni. Muuzaji akikuletea bidhaa mkononi na maneno matamu, kwanza piga hesabu ya bibi, na hakikisha bei unayonunulia iko chini ya hiyo 127.

Mnaoingia nyumba za wazee, ulizeni kwanza mgonjwa yuko kwenye siku za Part A (zile Medicare inailipa nyumba yenyewe kwa uuguzi baada ya kulazwa hospitali) au la. Akiwa kwenye siku hizo, bidhaa yako haiendi Part B, inabaki kwenye malipo ya ile nyumba, na kama hamkukubaliana nao kwa maandishi utakuwa umegharamia mfukoni mwako. Msimbo wa mahali ni 31 (uuguzi wa kitaalamu, kama siku za Part A) au 32 (makazi ya muda mrefu) na vinatofautiana sana, usibahatishe.

Ombi letu moja, tafadhali msitutumie picha za vidonda kwa WhatsApp. Najua ni haraka na tumezoea, ila ni siri ya mgonjwa na sheria ya HIPAA inatubana sote wawili. Tumieni lile lango la mtandaoni tulilowafungulia, pakieni noti ya siku hiyo, vipimo, picha, stika na noti za wiki nne, ndani ya siku tatu tangu umwone mgonjwa, na sisi tunasoma kabla ya kutuma, tukiona kulia na kushoto vinagongana tunakupigia simu. Zile zilizokwisha kataliwa pia tunazichukua: rufaa ya kwanza ya Medicare ina siku 120 tangu upokee uamuzi, na madai mapya yana mwaka mmoja tangu siku ya huduma, kwa hiyo kama una barua zimelala kwenye droo zitoe leo, panga kwa tarehe, na anza kututumia ile ya zamani zaidi.