Tuanzie jikoni mwa kanisa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niwaunge mkono wanaotaka makanisa ya Wamarekani Weusi yashike usukani katika suala la ulaji bora na mazoezi ya mwili. Shinikizo la damu na kisukari huwaandama Wamarekani Weusi kuliko wenzao Wazungu, na mara nyingi mchungaji husikilizwa pale daktari anapopuuzwa.

Ninaishi Memphis, na hualikwa chakula cha Jumapili baada ya ibada. Meza hujaa kuku wa kukaanga, makaroni yenye jibini, na mboga za majani zilizo ndugu wa karibu kabisa wa sukuma wiki yetu, zilizochemshwa na nyama ya nguruwe (tena tamu, sikatai). Ndiyo maana nauheshimu ujasiri wa Mchungaji Michael Minor wa Hernando, Mississippi, aliyepiga marufuku vyakula vya kukaanga kanisani kwake.

Hata hivyo, marufuku pekee haitoshi. Mpango wa Body & Soul, ulioungwa mkono na Taasisi ya Taifa ya Saratani ya Marekani, uliwaandaa waumini kuwashauri wenzao kuhusu matunda na mboga, na hapo ndipo mimi ningeweka fedha kwanza, kwa sababu mama anayepika mboga hizo kila wiki atamsikiliza mwenzake wa kwaya kabla ya kusoma kipeperushi chochote, na siku atakapokubali kutumia nyama ya bata mzinga badala ya nguruwe, sufuria ya kanisa zima itakuwa imebadilika.

Msomaji wako,
Memphis, Marekani