Mvua inanyesha ila shamba halinywi maji, tatizo ni nini?

Wateja wetu wa kulimiwa na trekta Kongwa na Chamwino kila msimu mnatuuliza kitu hichohicho, mvua imepiga vizuri tu ila siku tano mbele alizeti imeshanyauka, na wengi mnalaumu mbegu. Mwezi wa kwanza tulichimba shimo kwa mteja mmoja, shamba limelimwa na trekta miaka nane mfululizo, na sisi wenyewe tumelilima misimu miwili. Juu udongo laini kabisa, ukishuka kama shubiri moja sururu inadunda, na mzizi wa alizeti umefika hapo ukakunja ukaenda pembeni.

Hilo tabaka linatengenezwa na sahani za jembe kupita kina kilekile kila mwaka, ongeza uzito wa trekta, halafu wengine mnataka haro (ile ya kuvunja mabonge baada ya kulima) mara mbili mpaka udongo unakuwa unga. Mvua zetu huku ni kama milimita 600 kwa mwaka na zinakuja kwa kishindo, maji yakikosa pa kuingia yanabeba udongo pamoja na mbolea uliyonunua kwa hela yako yanapeleka korongoni. Waingereza walikuja hapohapo Kongwa 1947 na matrekta kibao kulima karanga, ukame ukawapiga, udongo ukakauka ukawa kama saruji hadi karanga hazing'oleki, 1951 mradi ukafa.

Ndio maana tumeleta ripa, kifaa cha kufunga kwenye trekta badala ya jembe la sahani. Haigeuzi udongo, ina chuma kirefu kinapasua mstari tu, maji yanazama humo na wewe unapanda humohumo na samadi, mabua yaache katikati ya mistari na tunawaomba sana msiyachome. (Kuna wazee wanasema hii si ni kuberega tu, hapana, kuberega unakwangua juu, chini kunabaki kugumu vilevile.) Ripa inapasua vizuri udongo ukiwa mkavu, kwahiyo mwezi wa tisa na wa kumi, ukisubiri mvua ya Desemba umechelewa.

Mwenye nusu eka hela ya trekta aiache, achimbe mashimo ya Chololo, yalibuniwa hapahapa Dodoma kijiji cha Chololo, upana sentimita 22, kina 30, samadi ndani.

Ukituita tunakuja na sururu kwanza tuchimbe wote, tusipokuta tabaka gumu tunakwambia na ripa hulipii.