Barua kwa sahibu yangu wa Micheweni: mwalimu gani wa farasi umfuate

Paje, Unguja
Jumapili usiku

Sahibu yangu,

Assalaam alaykum. Natumai barua hii itakukuta mzima wewe, mama watoto na wazee wote hapo Micheweni. Sisi huku wazima, alhamdulillah, ila kaskazi imeshika na joto halituachii hata usiku. Swali lako nimelipata. Nilitaka kukujibu kwa simu, nikaona maneno ni mengi na bando ni dogo, bora niyaandike nimpe kijana wa jirani anayevuka kuja Pemba Jumanne.

Umeniuliza, ukishaanza kazi hapa zizini baada ya Ramadhani, umfuate yupi katika walimu hawa wa farasi wanaofundisha kwa video, maana umetazama watatu wanne na kila mmoja anampinga mwenzake. Huyu anasema usimpe farasi nafasi ya kukataa, yule anasema msubiri hadi akubali mwenyewe. Na mimi swali hilo limenikosesha usingizi mwaka mzima. Nitakwambia nilipofikia, na nitakwambia na kosa nililolifanya, kwa sababu kosa lile ndilo lililonifunza kuwapima.

Ujue kwanza kwamba wengi wao ni wa chuo kimoja. Ukifuata nyayo zao nyuma unafika kwa mzee Tom Dorrance, Mmarekani mchunga ng'ombe aliyezaliwa 1910 na kufariki 2003, na mwanafunzi wake Ray Hunt, aliyefariki 2009. Hunt alimwendea Dorrance kwa ajili ya farasi wake mmoja mkorofi, aitwaye Hondo. Baadaye Hunt mwenyewe akawa anazunguka miji kufundisha watu pamoja na farasi zao. Mafunzo hayo wanayaita kliniki, lakini hakuna daktari wala sindano: watu hukusanyika uani na farasi zao kwa siku tatu nne, mwalimu katikati, na asiye na farasi hulipa kidogo akakaa pembeni kutazama. Televisheni ilikuja nyuma. Huko Marekani kuna chaneli ya watu wa mashamba, RFD-TV, iliyoanza mwaka 2000, nayo ndiyo iliyowaingiza wengi wao majumbani mwa watu. Kisha YouTube ikawaleta hadi pwani yetu.

Na somo lao la chini kabisa ni moja: kubana na kuachia. Unavuta kamba kidogo, farasi akijaribu tu lile unalolitaka, unaachia papo hapo. Hajifunzi wakati unapobana. Anajifunza unapoachia. Chochote alichokuwa akikifanya kamba inapolegea, ndicho atakachokirudia kesho. Basi wanapobishana, sikiliza vizuri: wanabishania ubane kwa nguvu gani na usubiri muda gani. Kuachia hakuna anayekubishia.

Sasa sikia kosa langu. Unamkumbuka Lulu, yule jike wa kijivu niliyekutumia picha yake. Hapa Paje upepo ukikaa sawa wageni huingia baharini na matiara yao makubwa yanayowavuta juu ya maji, na tiara likianguka mchangani linapigapiga kama tanga lililokatika demani. Lulu akilisikia tu, anageuka kurudi zizini shoti, na mgeni yuko mgongoni. Nikatazama video za Clinton Anderson. Huyu ni Mwaustralia aliyehamia Marekani, na alishinda mara mbili, 2003 na 2005, shindano liitwalo Road to the Horse, ambalo mwalimu hupewa farasi mchanga ambaye hajapandwa na siku chache tu za kumzoeza mbele ya watu. Anaeleza kwa mpango, hatua kwa hatua, hata mtu wa Kiingereza cha kuombea maji kama mimi anamfuata. Alikuwa na fimbo yenye kitambaa nchani, anaipunga mpaka farasi asimame, kisha anaishusha.

Nikafunga kipande cha turubai kwenye fimbo nikaanza. Napunga, Lulu anazunguka mbio. Mkono unachoka, nashusha. Napunga tena, anazunguka, nashusha. Baada ya wiki moja alikuwa anakimbia akiniona tu nimeinama kuokota fimbo. Nilikuwa nimemfunza kukimbia, sahibu. Kila nilipoishusha fimbo yeye alikuwa mbioni, akaelewa kwamba mbio ndiyo jawabu. Mwalimu yule alikuwa ameshasema wazi, usishushe mpaka asimame, na nilimsikia kwa masikio yangu. Lakini kamera ilikuwa kwa farasi na macho yangu yakawa kwa farasi. Mkono wa mwalimu sikuuona hata mara moja. Nilimwonea mnyama, na lile bado linaniuma.

Aliyenitoa hapo ni mama mmoja mgeni aliyekuwa likizo, fundi wa farasi huko kwao. Alikaa nami alasiri mbili. Siku ya kwanza Lulu hakumgusa kabisa. Alinipa ncha moja ya kamba akaniambia nifumbe macho, niwe farasi mimi. Akavuta kwa kidole kimoja. Nilikisikia kidole kile kabla kamba haijakaza, na nilipoegemea tu upande wake, kamba ikafa mkononi mwangu. Mwili mzima ulilegea. Kisha tukabadilishana, yeye akawa farasi, macho kafumba, na mimi mwalimu. "Umechelewa," akaniambia. Tena: "Umechelewa." Tukaendelea mpaka jua likatua, na mara mbili tu ndizo alizotikisa kichwa kukubali. Hiyo ndiyo tofauti ya kliniki na video. Video inakupa jicho, mkono haikupi. Tangu siku ile nikitazama video yoyote naizima sauti mara ya kwanza, naangalia mikono ya mwalimu na nyayo zake tu, kisha ndipo naifungulia maneno.

Kwa kipimo hicho nikawarudia wote upya.

Pat Parelli utamjua kwa michezo yake saba na fimbo yake ya rangi ya machungwa yenye urefu wa futi 4. Mchezo wa kwanza, ule wa urafiki, ni kumpapasa farasi mwili mzima kwa mkono, kwa kamba, kwa fimbo, mpaka ajue kwamba vitu hivyo si adui. Huo ufanye kila asubuhi kabla hujatandika, una faida kubwa. Ila ukimfuata yeye peke yake unaweza kukaa mwaka unacheza chini na hujapanda, na kila daraja lina kifaa chake cha kununua. Fimbo ya mpera inatosha.

Anderson sikumtupa. Mpango wake nauchukua, kasi yake naiacha. Anamchezesha farasi miguu sana, na hapa kwetu, mchanga mzito na jua la kaskazi, farasi wa kukodishwa ambaye ameshapanda na kushuka pwani asubuhi nzima ukimzungusha hivyo saa saba mchana utamuumiza. Farasi hutoka jasho jingi na chumvi yake inaondoka nalo. Usikubali mtu yeyote akuamuru kufanya hivyo, hata bosi.

Monty Roberts ndiye aliyeitwa na Malkia Elizabeth wa Uingereza mwaka 1989 kuonyesha kazi yake pale Windsor. Anamwachia farasi ndani ya ua wa duara, anamfukuza kwa macho na mabega, na farasi akianza kumtegea sikio, kulamba na kutafuna, na kuteremsha kichwa, yeye hugeuza bega akaangalia chini, na farasi humfuata. Mara ya kwanza nilitokwa na machozi. Siku hizi najiuliza: farasi asiye na pa kwenda akikujia, amekuamini au amechoka kukimbia? Mimi ni katika wanaotia shaka. Na sisi ua wa duara hatuna, tuna pwani, na pwani haina mlango. Lakini usomaji wake wa masikio ni hazina. Jifunze huo.

Stacy Westfall anapendwa sana na binti yangu. Mwaka 2006 alikuwa mwanamke wa kwanza kushinda Road to the Horse, na mwaka huohuo alimpanda jike wake Roxy mashindanoni bila tandiko wala hatamu, anamzungusha na kumsimamisha kwa mwili tu. Ile tazama kwa raha ya moyo. Kazi ya miaka nyuma yake haionekani, na kijana mmoja wa huku aliyejaribu kuiga alivunjika mkono.

Buck Brannaman ni mwanafunzi wa Ray Hunt. Alilelewa na baba aliyempiga vibaya, na filamu ya maisha yake iliyotoka 2011 inaonyesha jinsi anavyozunguka na kliniki zake. Ukitaka kuona mkono unaoachia kwa wakati, mtazame yeye, bila sauti. Anasogea kidogo sana. Nimeirudisha nyuma sehemu moja mara kumi kabla sijaona alipolegeza.

Lakini wa kuanza naye, kwa maoni yangu, ni Warwick Schiller. Naye ni Mwaustralia anayeishi Marekani, na ameiwakilisha nchi yake mashindano ya dunia ya 2010 na 2018 katika mchezo wa kuwazungusha na kuwasimamisha farasi wa kuchungia ng'ombe. Mtu wa sifa kama hizo angeweza kuendelea kufundisha alivyozoea. Yeye alipata farasi aitwaye Sherlock, aliyemfunza kwamba farasi mtulivu anaweza kuwa amejifungia ndani tu kwa hofu, akabadilisha njia yake na akasema hadharani kwamba amebadilisha. Mwalimu anayekiri hivyo mimi namwamini. Na hakati video pale mambo yanapokwama. Unamwona amesimama kimya, anasubiri, na wewe unasubiri naye.

Nilirudi kwa Lulu na somo lake moja. Akiinua kichwa kulitazama tiara la mbali, simvuti. Nasimama naye palepale, kamba imelegea, mpaka ashushe pumzi au ageuze sikio kwangu, ndipo tunaendelea hatua chache. Siku ya kwanza tulisimama chini ya minazi tangu alasiri mpaka karibu na magharibi, na wanawake wanaotoka kwenye mwani wakaniuliza kama farasi anaumwa. Wiki ya tatu tulipita katikati ya matiara. Sikudanganyi, likianguka karibu bado anatetemeka, na mimi nashuka na kumshusha mgeni.

Wewe una la kutangulia nalo. Punda akiogopa hugoma, husimama kama gogo, na wewe miaka yote ya kubeba karafuu umejifunza kumngoja badala ya kumtandika, ndiyo maana punda wako huenda telki mwenyewe. Kungoja huko ndiko walimu hawa wanakotafuta kuwafunza watu. Tofauti ni kwamba farasi hagomi, farasi anakimbia, na anakimbia kabla hujamaliza kushangaa. Macho yake yako ubavuni, anaona karibu pande zote isipokuwa nyuma ya mkia na mbele ya paji la uso. Ile tabia yako ya kupita nyuma ya punda huku unafunga mizigo, iache Pemba. Na maji yakitoka, bamvua khasa, uangalie vigingi na kamba za mwani, mguu wa farasi ukinasa pale ni hatari kwake na ni hasara kwa mama wa watu.

Jambo jingine ninalolifikiri. Wazee wenu wa mchezo wa ng'ombe, wanaosoma sikio la dume kabla halijaingiza pembe, sijaona mtu akiwawekea kamera wakafundisha. Ukipata nafasi kabla hujaja, kaa nao, waulize wanaangalia nini.

Ukija njoo na viatu vya kufunika vidole, ndara hazifai zizini. Na kwa sasa usipoteze bando lako kwa walimu sita. Chukua kamba, mpe mwanao mkubwa ncha moja, afumbe macho awe farasi, kisha mbadilishane. Halafu kamfanyie punda: mrudishe nyuma hatua moja, hatua moja tu, na umwachie. Mwambie kijana akurikodi unitumie kwenye WhatsApp, lakini kamera asiielekeze kwa punda. Airikodi mikono yako.

Wasalimie wote. Lulu nitakuwekea wewe wiki ya kwanza, tuwe tunamtoa pamoja alfajiri kabla matiara hayajapanda.

Ndimi sahibu yako,
wa zizini Paje