Shukrani kwa dada aliyetuletea kinyonga

Darasani kwangu, kutaja nyoka tu kulitosha kuwapandisha watoto juu ya madawati, nami nilikuwa na picha za kitabuni basi. Dada mmoja, asiyependa kutajwa, akaja na kobe, kinyonga na nyoka asiye na sumu. Kwanza aliwakalisha chini, kimya. Kisha mmoja mmoja akampapasa nyoka kwa vidole viwili, kutoka shingoni kuelekea mkiani. "Kumbe mkavu!" Wakaona ulimi ukichomoza kunusa hewa, na macho ya kinyonga, moja likitazama mbele, jingine nyuma. Dada hakuruhusu kinyonga ashikwe, kwani hutaabika. Hapo ndipo nilipomheshimu zaidi. Mwishowe wote wakanawa kwa sabuni, maana reptilia huweza kubeba salmonela, bakteria wanaoharisha.

Dada, ahsante sana. Wenye ujuzi kama wake, bisheni hodi mashuleni.